Sura ya Nne: Khofu ya Kalamu na Dawa Yake

Miongoni mwa dhana nizikutazo kila mara, na ndiyo iliyonilazimu kuiandika sura hii, ni ile isemayo kwamba kijana atokaye Nkololo, katika nchi ya Ntuzu huko Bariadi, akifika chuo kikuu na kuagizwa insha hutetemeka kwa kuwa kwao hakufundishwa kujenga hoja. Dhana hii ni batili. Hoja anazo, ila ameaminishwa kwamba zilizozaliwa kwa Kisukuma hazina nafasi katika karatasi ya Kiingereza.

Nilikusudia kubainisha mambo matatu kwa utaratibu, yaani lugha, hadhira na ushahidi; lakini hadhira haielezeki bila ya ngoma, na ngoma za Wasukuma hazielezeki kwa ufupi. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyonasibishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, pande hizo hushindana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga akijua kwamba hasimu yuko hatua chache tu kutoka kwake, na kwamba ubeti usioeleweka utawahamisha watu papo hapo. Wako wanaodai kuwa umati huvutwa na dawa. Basi ikiwa dawa yatosha, mazoezi yote yale ni ya nini? Na yule mwanachuo afungaye hirizi kabla ya mtihani, na yule alipaye ada ili aambiwe na mhubiri wa kujiamini ajisifu mbele ya kioo, wamenunua bidhaa ile ile katika maduka mawili.

Kama vile umati unavyomjenga manju, ujasiri wa kuandika nao huzaliwa na wasomaji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili chake mwenyewe mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Umahiri haukumpungukia, aliyekosekana kwa miaka 35 ni mchapaji wa kumfikisha kwa wasomaji.

Mwalimu wa chuo, basi, na awagawe wanafunzi wake makundi, kila mmoja aisome rasimu yake kwa sauti mbele ya wenziwe na kujibu maswali yao kabla haijafika mezani pa mwalimu. Kuhusu lugha, rasimu ya kwanza na iwe kwa lugha yoyote ile mtu anayofikiria kwayo. Kuhusu ushahidi, mzee aliyehojiwa Nkololo atajwe kwa jina, mahali na tarehe, kama atajwavyo mwandishi wa kitabu. Kwa maana uwanja wa ngoma humsamehe manju asiyetaja alikoyasikia maneno yake, lakini insha haimsamehi mtu.