Mradi wa Picha za Kila Siku Uishe Lini?

Wengi huanza kupiga picha moja kila siku bila kujiuliza wataishia wapi. Ukomo ndio unaozifanya picha ziwe kazi moja, badala ya kuwa rundo linaloongezeka tu.

Njia ya kwanza ni kuupanga mapema. Mwaka 1994, Jim Brandenburg, mpiga picha wa wanyamapori wa Marekani, alipiga picha moja tu kwa siku katika misitu ya kaskazini mwa Minnesota, kwa siku 90. Alianza Septemba, usiku na mchana vinapolingana, akamaliza Desemba mchana unapokuwa mfupi kuliko siku zote. Alikuwa akifuata mwanga unaopungua, hivyo ulipofika kikomo chake, kazi nayo ikaisha.

Ukomo uliopangwa unaweza pia kuwa mwaka mzima. Kuanzia Aprili 1980, jijini New York, msanii mzaliwa wa Taiwan, Tehching Hsieh, aligonga kadi kwenye mashine ya mahudhurio ya kazini kila saa kwa mwaka mzima, na kila alipogonga alijipiga picha. Alianza akiwa amenyoa kichwa. Mwishoni nywele zilifika mabegani. Kati ya mara 8,760 alikosa 133, naye aliyaweka wazi mapengo hayo. Kwa hiyo kukosa siku si sababu ya kuacha.

Mpiga picha Jamie Livingston alichukua njia nyingine. Alipiga picha moja ya Polaroid kila siku tangu Machi 1979 hadi siku aliyofariki, 25 Oktoba 1997. Alichokuwa akikiandika kwa picha ni maisha yake, na maisha hayapangiwi tarehe.

Kila mradi, basi, una swali lake, na huisha swali hilo likishajibiwa. Ukiwa na shaka, tandaza mezani picha za mwezi uliopita. Ukiona nyingi ni za kikombe na kitanda, zilizopigwa saa tano usiku kwa sababu ulikuwa umesahau, huo ni uchovu: hamishia kazi asubuhi, uendelee. Lakini kama picha ni nzuri, na bado unajua utakachopiga kabla hujatoka nyumbani, jibu umeshalipata.

Hapo chagua tarehe, wiki mbili mbele, na upige hadi siku hiyo kwa bidii ileile ya mwanzo. Kisha anza kuchambua, kupanga na kuchapisha. Kazi hiyo ni nusu ya pili ya mradi, na haiwezekani kuifanya vizuri wakati picha mpya zinaendelea kuingia kila siku.