Pini Ndogo Isizimishe Kinu: Namna ya Kukerezewa Viungo vya Injini

Kinu cha posho kikinyamaza, mtaa mzima unajua. Mama aliyekuja na gorogoro mbili za mahindi anarudi nazo vile vile, na jioni hiyo watoto wanangoja unga wa kununua dukani, ambao bei yake si ya kila mtu. Mara nyingi kilichoharibika si kitu kikubwa. Ni pini fupi kuliko kidole, au bushi iliyolika, katika vile viungo vinavyounganisha gavana na pampu ya dizeli. Spea yake haipatikani, au inapatikana tu kwa kununua seti nzima. Hapo ndipo tunapomhitaji fundi mwenye mashine ya kukereza, ile inayoitwa lethi.

Kutoka hapa Section 58 hadi kwenye karakana za mjini Nakuru ni safari fupi ya matatu. Wenzetu wa Bahati, Solai, Subukia na Njoro nao hushuka na vipande vyao mfukoni. Shida si umbali. Shida ni kwamba wengi hufika kwa fundi bila kujua waseme nini, wakalipa, wakarudi nyumbani na pini inayong'aa lakini haiingii. Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua namna ya kupata kipande kinachofaa.

VIUNGO HIVI HUFANYA NINI?

Tuchukue mfano wa injini ya dizeli ya aina ya Lister, ile ya silinda moja yenye magurudumu mawili mazito. Zilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadaye viwanda vya Rajkot, India, vikaiga muundo huo. Huzunguka polepole, kama mara 600 hadi 650 kwa dakika. Ingawa vinu vingi siku hizi vinatumia stima, injini za namna hii bado zinaheshimiwa pale nguzo za stima hazijafika, au pale bili imewashinda wenyewe.

Gavana ina vyuma vizito vinavyofunguka kwa nje injini ikiongeza kasi. Mwendo huo hupitia kwenye wenzo, pini na fimbo nyembamba hadi kwenye pampu, ambayo hupunguza dizeli. Injini ikilemewa na mahindi, kasi hushuka, springi huvuta upande wa pili, na pampu huongeza dizeli. Basi viungo hivi ndivyo mkono wa injini wa kujipimia chakula.

Pini zikilika, mkono huo unalegea. Kiungo kimoja kikiwa na uwazi wa milimita 0.2, unaweza kudhani si kitu. Lakini viungo viko vinne, vyote vikiwa hivyo, uwazi wote ni milimita 0.8. Gavana inasogea, pampu haijapata habari. Injini inapanda na kushuka, inanguruma halafu inalegea, hata ikiwa haina kazi. Unga unatoka mara laini mara chenga, na dizeli inaisha mapema.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Pini ikichomoka kabisa wakati pampu iko upande wa dizeli nyingi, injini inaweza kukimbia ovyo bila kizuizi. Gurudumu zito likizidi kasi yake laweza kupasuka, na vipande vyake huua. Kwa hiyo msumari uliokunjwa si pini, na waya wa kufungia ua si pini. Watu wengi wamezoea kuuweka "kwa muda tu", na huo muda unakuwa miaka.

KABLA YA KWENDA MJINI

Zima injini, iache ipoe. Shika kila kiungo kwa vidole viwili ukitikise. Kinachocheza ndicho chenye neno. Weka alama ya rangi au mkwaruzo kabla ya kufungua, ili ujue upande upi ulikuwa juu. Hesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati ya kurekebishia ile fimbo, uziandike. Ukipoteza kipimo hicho, utasumbuka kurudisha kasi ya zamani.

Kisha osha vipande kwa mafuta ya taa, uviangalie kwenye mwanga. Pini hailiki kote. Mwisho wake, pale ambapo haikusuguana na kitu, hubaki na unene wake wa mwanzo. Hapo ndipo pa kupima, si katikati. Tundu nalo haliliki kwa duara, linalika upande unaovutwa mpaka linafanana na yai. Lipime mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Kama huna venia, usikisie kwa rula. Mwachie fundi apime, lakini mwonyeshe pale palipobaki pazima.

La muhimu kuliko yote: peleka vipande vyote viwili, pini pamoja na wenzo ambamo inaingia. Mazungumzo kama haya husikika sana kwenye karakana:

"Fundi, nataka pini kama hii."

"Kama hii ilivyo sasa, mama, ama kama ilivyokuwa ikiwa mpya?"

"Kama ilivyokuwa mpya."

"Basi niletee na mahali inapoingia."

Huyo ni fundi mzuri. Akikereza kwa kufuata pini iliyolika, atakutengenezea pini mpya iliyolika. Na hata akikereza pini sawasawa, ikiingia kwenye tundu lenye umbo la yai bado itacheza. Njia ni mbili. Ya kwanza, tundu lipanuliwe kidogo mpaka liwe duara tena, na pini ikerezwe nene kidogo kulifuata. Ya pili, tundu lipanuliwe zaidi, liingizwe bushi, na pini ibaki na unene wake wa kawaida. Ya pili ina kazi zaidi, lakini siku nyingine utabadilisha bushi tu, na wenzo wako hautaguswa tena.

INCHI AU MILIMITA?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Injini za zamani za Uingereza zilipimwa kwa inchi. Pini ya inchi tano kwa kumi na sita ni milimita 7.94. Mtu akiona hivyo anasema, "Aa, hiyo ni nane." Pini ya nane kamili haitaingia kwenye tundu hilo, na ikilazimishwa kwa nyundo itakwama na kuua mwendo wote wa gavana. Ukigeuza, pini ya 7.94 kwenye tundu la nane itacheza tangu siku ya kwanza.

Nyuzi za skrubu pia zina ukoo. Nyuzi za Kiingereza za Whitworth, zilizobuniwa mwaka 1841, zina pembe ya digrii 55, na za milimita zina digrii 60. Nati ya ukoo mmoja inaweza kushika mizunguko miwili kwenye bolti ya ukoo mwingine, halafu ikaanza kung'oa nyuzi. Na injini za India zisikudanganye kwa sura, kwani nyingine zina nyuzi tofauti na zile za Uingereza. Peleka nati yenyewe ijaribiwe pale pale.

CHUMA GANI KITUMIKE?

Mwulize fundi anatumia chuma gani, na asikasirike. Nondo ya ujenzi haifai kwa pini. Chuma laini cha kawaida kinafaa kwa viungo visivyo na mzigo mkubwa, mradi kipate mafuta. Vipande vya ekseli chakavu za lori ni vigumu na imara zaidi. Baadhi ya mafundi hutumia shina la valvu kuukuu, ambalo tayari ni duara na gumu, ila ni kazi kulikata.

Kwa bushi, bronzi ni bora kuliko shaba ya njano, kwa sababu shaba ya njano hulika upesi. Kanuni ni hii: kile rahisi kubadilisha ndicho kiwe laini. Afadhali ilike bushi kuliko wenzo.

Mtu akikuambia atapasha pini moto iwe nyekundu na kuitumbukiza majini ili iwe ngumu, uliza kwanza ni chuma gani. Chuma laini hakina kaboni ya kutosha, na kwa njia hiyo hakigeuki kuwa kigumu. Utalipia moshi.

KUELEWANA NA FUNDI

Wazo la kwamba kazi ya jua kali ni ya kubahatisha limepitwa na wakati. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, dunia imetambua kwamba kazi hizi ndogo zinalisha watu wengi, na mwaka 1992 serikali ilitoa sera yake kuhusu biashara ndogo na jua kali. Lakini fundi si nabii. Mwandikie kwenye karatasi:

1. Mchoro wa kipande, hata wa kalamu ya risasi, wenye urefu na unene wake.
2. Kinaingia wapi, na kama kinazunguka humo au kinakazwa.
3. Tundu la splitipini liko umbali gani kutoka mwisho.
4. Idadi unayotaka.

Kuhusu uwazi, pini ya unene wa milimita 8 ikiachwa kati ya 0.02 na 0.05 inatosha. Karatasi moja ya gazeti ina unene wa kama 0.07, kwa hiyo uwazi unaopitisha karatasi umeshazidi. Bushi nayo ikigongwa ndani ya tundu hubanwa, na tundu lake hupungua. Kwa hiyo tundu la ndani limaliziwe baada ya bushi kuingizwa, si kabla.

Elewaneni bei kabla mashine haijawashwa. Mkumbuke kwamba sehemu kubwa ya muda wa fundi huenda katika kupima na kupanga mashine. Pini ya pili na ya tatu hazichukui muda kama wa kwanza. Vikundi viwili vyenye injini za aina moja vikiagiza pamoja, kila kimoja kinabaki na akiba. Na ukingojea, simama mbali na mashine. Leso, shali na mikono mirefu ya sweta ikinaswa na chaki inayozunguka, haiachi.

VISIVYOFAA KUKEREZWA

Lethi hutengeneza vitu vya mviringo. Wenzo bapa uliovunjika ni kazi ya kukata, kuchomelea na tupa. Springi ya gavana nayo haikerezwi. Inunuliwe ya nguvu ile ile. Na plangi ya pampu ya dizeli au ncha ya injekta usimpelekee fundi wa lethi hata akikubali. Uwazi wake ni wa sehemu chache za elfu za milimita. Hiyo ni kazi ya karakana za pampu.

KURUDISHA NA KUJARIBU

Funga viungo kwanza bila springi. Inua wenzo, uuachie. Ushuke wenyewe, bila kukwama na bila kuchezacheza. Kisha tia springi, splitipini mpya na tone la mafuta kwa kila kiungo. Sukuma pampu kwa mkono uhakikishe inafika mwisho wa kuzima.

Washa injini bila mkanda wa kinu. Mtu mmoja asimame tayari kwenye pampu. Ikianza kukimbia, avute pampu upande wa kuzima au ainue kiwiko cha kuachia mgandamizo. Kufunga koki ya tangi hakutoshi, kwani dizeli iliyo kwenye paipu itaendelea kuungua. Ikitulia kwa dakika kumi, ndipo mvishe mkanda.

Baada ya hapo, mwendesha kinu atie mafuta viungo hivyo kila asubuhi na kuvitikisa kwa vidole kila Jumamosi. Kamati nayo iweke pini na bushi za akiba kwenye mkebe wenye jina, pamoja na ile karatasi ya vipimo. Siku fundi yule akihama, karatasi itabaki, na fundi mwingine ataisoma.