Batri ya pili ndani ya gari ya koperative: tuanze na waya



Anayefika Kituku kabla jua halijatoka anajua kazi ilivyo pale. Maboti ya Idjwi, Minova na Kalehe yanashusha ndizi, mihogo, maharagwe na mananasi. Wenye chukudu wanangoja mzigo, na wamama wa sambaza wanataka kuuza mapema, joto lisije likawaharibia samaki. Gari ya koperative ikiwa pale inaombwa kila kitu: itoe mwanga wa kupakia, ichaji simu na mzani wa elektroniki, ibebe frigo ndogo ya chanjo za kuku. Na yote hayo injini ikiwa imezimwa, kwa sababu mazutu ni ghali. Matokeo tunayajua: asubuhi shofere anapiga ufunguo, gari inanyamaza, vijana wanaitwa kusukuma.

Ndiyo maana swali la batri ya pili linarudi kila mara kwenye mikutano. Sisi ni maagronome, kazi ya kila siku ya magari ni ya mafundi. Lakini chanjo nyingi za Newcastle, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima, zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Umeme ukikatika njiani, chanjo inaharibika bila kubadilika rangi wala harufu. Kuku wakifa baadaye, ni sisi tunaoitwa kueleza. Kwa hiyo hili jambo linatuhusu wote.

Tumeona kwamba wanachama wanajadili bei ya batri saa nzima, halafu waya unanunuliwa kwa dakika moja, wowote uliopo sokoni. Hapo ndipo pesa ya koperative inapotea, na siku mbaya gari yenyewe inaungua.

Waya mwembamba unakula umeme

Fikirieni mpira wa kumwagilia bustani. Mpira mwembamba na mrefu, maji yanafika mwisho yakitiririka kidogo kidogo, hata kama tangi limejaa. Waya uko vilevile.

Chukueni pick-up ya volti 12. Kutoka injini mpaka nyuma, waya unapita kama mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, basi tuhesabu mita 10. Batri ya pili ikiwa imeshuka, inaweza kuvuta ampea 40 au zaidi. Kwa waya wa shaba, hesabu inatoka hivi:

- Waya wa mm² 6: zinapotea volti 1,2 njiani.
- Waya wa mm² 16: zinapotea volti 0,4.
- Waya wa mm² 25: zinapotea volti 0,3.

Alternata nzuri inatoa karibu volti 14,2. Kwa waya wa 6, batri ya nyuma inapata volti 13 tu. Ni kweli, batri ikiendelea kujaa inavuta umeme kidogo zaidi, na hasara inapungua. Lakini inahitaji masaa mengi, na safari zetu ni fupi. Kutoka Kituku mpaka Sake ni kilometa kama 25 hadi 30, batri haijapata nafasi ya kujaa gari imeshazimwa. Batri ya risasi ikikaa wiki nyingi bila kujazwa, inazeeka haraka. Mnasema batri ilikuwa mbovu, kumbe waya ndio uliiua na njaa.

Na zile volti zilizopotea hazikuenda bure. Zimegeuka kuwa moto ndani ya waya: kwa waya wa 6 tuliotaja, ni karibu wati 47. Kwa pick-up, sisi tunashauri waya wa 25. Wa 16 unakubalika pesa ikiwa kidogo na safari zikiwa ndefu.

Kuchagua waya sokoni

Kwanza, acheni waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Gari inatikisika, ule uzi unakatika ndani bila mtu kuona. Chukueni waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, unaopindika kwa urahisi. Waya wa mashine ya kuchomelea vyuma unafaa sana.

Pili, kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukiutazama unang'aa kama shaba yenyewe. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini inapitisha karibu 60% tu ya umeme ambao shaba ya unene uleule inapitisha. Mmelipia 25, mmebeba kama 16.

Fyuzi mbili, siyo moja

Hapa tunaomba msome polepole. Batri moja ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Ule waya mrefu ukikwaruzwa na kugusa chuma cha gari, utakuwa mwekundu kwa sekunde chache, na plastiki yake itashika moto. Waya mnene peke yake hauzuii hilo. Kinachozuia ni fyuzi, ile mafundi wetu wengi wanaiita fizible.

Kazi ya fyuzi hii ni kulinda waya. Kwa hiyo inakaa karibu kabisa na batri, isizidi sentimita 20 kutoka upande wa jumlisha (+). Na kwa sababu waya huu una batri kila mwisho, fyuzi zinatakiwa mbili. Ukiweka moja tu mbele na waya ukikatika katikati, batri ya nyuma itaendelea kulisha moto. Kwa waya wa 25 wekeni fyuzi ya ampea 100. Kwa wa 16, ya ampea 60 au 80. Fyuzi ikiungua, tafuteni kwanza kilichoiunguza. Musumari, bati au uzi wa shaba uliowekwa mahali pake ni sawa na kutokuwa na fyuzi.

Mtasikia: "Patroni, hii inatosha, niko nafanya hii kazi tangu zamani." Pengine ni kweli. Mwombeni kwa heshima aweke ya pili, na muilipie.

Rele ya kutenganisha

Batri mbili zikiunganishwa moja kwa moja, frigo itazimaliza zote mbili usiku, na asubuhi mtasukuma kama zamani. Kati yao panahitajika rele inayosikiliza volti. Injini ikiwaka na volti zikapanda kupita 13,3 hivi, inaunganisha. Injini ikizimwa na volti zikashuka chini ya 12,8 hivi, inatenganisha. Batri ya mbele inabaki kwa ajili ya kuwasha gari tu.

Wenye malori wawe macho. Malori mengi, kama Fuso, yana volti 24: batri mbili za 12 zimefuatana. Msichukue volti 12 kwenye batri moja tu kati ya hizo, itachoka kabla ya mwenzake na zote zitaharibika. Hapo kinahitajika kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Kupitisha waya kwenye barabara zetu

Anayetembea juu ya mawe ya volkano anajua gari inavyopigwa. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, wekeni mpira wa kuzunguka tundu. Uvisheni waya mpira wa kuulinda, mbali na bomba la moshi na bomba la mazuti, na mufunge kila sentimita 30 usicheze. Mwisho wa waya ubanwe kwa kose ya shaba na chombo chake. Kusokota na kufunga kwa skochi hakufai. Upande wa kutoa (−), kama mnaufunga kwenye chasi, kwangueni rangi mpaka chuma kitupu, halafu pakeni grisi. Ukichakaa pale, waya mnene wa mbele haufai kitu.

Batri ya maji inapochajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka. Iwekeni nje ya kabini, kwenye sanduku linalopitisha hewa, na muifunge isiruke. Wakati wa kazi, upande wa kutoa unafunguliwa wa kwanza na kufungwa wa mwisho.

Frigo itadumu saa ngapi?

Frigo ndogo inavuta kama wati 45, yaani karibu ampea 4. Ikifanya kazi nusu ya muda, kwa saa 24 inakula karibu 48 Ah. Batri ya 100 Ah isishushwe chini ya nusu, basi mna 50 Ah. Ni siku moja, na taa kidogo. Frigo ikifunguliwa kila dakika, au ikiachwa kwenye jua, hata siku haifiki. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari na vitu vyote vikiwa vimezimwa, pimeni: batri iliyotulia ikionyesha volti 12,6 au zaidi imejaa, ikionyesha 12,1 imefika nusu, chajini leo.

Kabla kamati haijalipa fundi

1. Waya ni wa shaba, nyuzi nyingi, mm² 25, na mmeukwaruza.
2. Fyuzi ni mbili, moja karibu na kila batri, na mbili nyingine za akiba ziko ndani ya gari.
3. Rele inatenganisha injini ikizimwa. Sikilizeni mlio wake, au pimeni.
4. Injini ikiwaka na batri ikiwa inachaji, pimeni volti mbele na nyuma. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu.
5. Baada ya nusu saa ya safari, zimeni gari na mguse viungo vyote. Kilicho moto kinafunguliwa na kubanwa upya.
6. Mhasibu aandike tarehe ya kazi, na shofere akague tena kila mwezi.

Pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, nunueni kwanza waya, fyuzi na rele, na batri ingoje mavuno yajayo. Siku itakapofika, itakuta njia yake iko tayari.