Profesa aliyeuliza kwa nini mwenye kidogo hulipa zaidi

Mmetuzoea hapa tukiongea kuhusu PIN, ada na matapeli wanaopiga simu wakidai wamekutumia pesa kimakosa. Leo tunawaletea hadithi ya mwalimu. Hakuwa Mkenya, na kitabu kilichompa umaarufu zaidi kilitoka mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya M-PESA kuanza hapa kwetu. Lakini ukisikia alichokuwa akifundisha, utadhani alisimama siku nzima kwenye dirisha la duka la mtaa wako akihesabu chenji.

Jina lake ni C. K. Prahalad. Alizaliwa tarehe 8 Agosti 1941 mjini Coimbatore, kusini mwa India, katika nyumba ya watoto wengi. Baba yake alikuwa hakimu na msomi wa Kisanskriti. Kijana alisomea fizikia katika Chuo cha Loyola, Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Akiwa na miaka 19 tu akaingia kazi kwenye kiwanda cha betri cha Union Carbide, na akakaa hapo miaka minne. Hadi uzeeni alikuwa akisema miaka hiyo ndiyo iliyombadilisha. Kiwandani alikutana na watu ambao hawakusoma kama yeye lakini walijua kazi kumshinda, na ilibidi akae chini na vyama vya wafanyakazi kujadili malipo. Tunaona hapo ndipo mengi yalipoanzia. Maprofesa wengi wa biashara hawajawahi kushika grisi.

Baadaye alijiunga na chuo kipya cha usimamizi cha Ahmedabad, akiwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo mwanzo, kisha akaenda Harvard na kumaliza shahada ya udaktari mwaka 1975, kwa miaka miwili na nusu. Alirudi India kufundisha kwa muda mfupi, halafu mwaka 1977 akahamia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Huko ndiko alikofundisha mpaka mwisho wa maisha yake.

Umaarufu wake wa kwanza haukuhusu maskini hata kidogo. Mwaka 1990 yeye na Gary Hamel, aliyekuwa mwanafunzi wake, waliandika makala iliyosomwa na karibu kila meneja wa kampuni kubwa duniani. Wazo lake ni rahisi: kampuni ijue ni kitu gani inakiweza kuliko wenzake, ijijenge juu ya hicho. Mfano mmoja ulikuwa Honda. Watu wanaona gari, pikipiki, jenereta, mashine ya kukata nyasi. Prahalad na Hamel wakaona kitu kimoja tu, injini. Baada ya hapo wakubwa wa makampuni wakawa wanamwita huku na huko, na wanamlipa vizuri. Angeweza kutulia hapo ale pensheni.

Hakutulia. Mwishoni mwa mwaka 1995 alianza kusumbuliwa na swali moja. Kama akili yote hii ya biashara ipo, mbona haijawafaa watu walio wengi zaidi duniani, yaani wale wenye kipato kidogo? Makala aliyoandika na Stuart Hart kuhusu swali hilo ilizunguka kwa miaka kabla ya kupata wa kuichapisha, mwaka 2002. Wahariri hawakuona biashara gani ingeweza kufanywa na watu ambao hawana kitu.

Mwaka huo huo wa 2002, akiwa na Allen Hammond, alitoa hesabu ambayo ndiyo sababu ya sisi kuandika leo. Walilinganisha bei katika sehemu mbili za mji mmoja, Mumbai. Sehemu ya kwanza ni Dharavi, mtaa wa mabanda unaojulikana dunia nzima. Ya pili ni Warden Road, wanakoishi wenye pesa zao. Mchele ulikuwa ghali kidogo Dharavi, kama moja ya tano zaidi. Dawa ya kuharisha ilikuwa mara kumi. Maji safi, ukipima kwa uniti, yalikuwa mara 37. Na mkopo? Warden Road riba ilikuwa asilimia 12 hadi 18 kwa mwaka. Dharavi ilikuwa asilimia 600 hadi 1,000.

Soma tena hiyo ya mwisho polepole.

Prahalad aliita jambo hilo adhabu ya umaskini. Mtu hana kitu, na kwa sababu hana kitu, kila anachonunua kinamgharimu zaidi. Sababu alizozitoa zilikuwa za kawaida: muuzaji ni mmoja tu pale mtaani, barabara ni mbaya, duka kubwa liko mbali, na katikati kuna madalali ambao kila mmoja lazima ale.

Hapa Kenya hatuhitaji kwenda Mumbai kuona. Chukua maji. Kampuni ya maji inakupimia kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Anayenunua kwa mtungi wa lita 20 anahitaji mitungi 50 kufikisha uniti hiyo moja. Mtungi ukiwa Sh5, uniti imekuwa Sh250. Ukipanda hadi Sh20 siku mfereji umekauka, uniti ni Sh1,000. Jirani mwenye mita yake akikuonyesha bili unaweza kukaa chini ulie. Ndivyo ilivyo pia kwa sukari ya kupima, mafuta ya kupima, makaa ya mkebe na kredo ya Bamba 20. Sisi tunauita uchumi wa kadogo na tumeuzoea hadi hatuushangai.

Prahalad hakutaka serikali au wafadhili waachiwe kazi hiyo peke yao. Alisema wafanyabiashara wawaangalie watu hawa kama wateja wanaojua thamani ya pesa yao, na waje na bidhaa nzuri kwa bei wanayoimudu. Alipenda kuwafundisha wanafunzi wake hesabu moja iliyopinduliwa. Wengi wetu tunapopanga bei tunasema: gharama, ongeza faida, hiyo ndiyo bei. Yeye alisema uanze na bei ambayo mteja anaiweza, utoe faida unayotaka, na kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kutumia. Mama mboga anaijua hesabu hii bila kwenda Michigan. Anajua fungu la sukuma likipita bei fulani halitoki, kwa hivyo anarudi sokoni alfajiri akitafuta kwa nani atapata la kumwachia riziki.

Kwa ajili ya kitabu chake, kinachoitwa The Fortune at the Bottom of the Pyramid, aliwatuma wanafunzi wake nje kukusanya mifano. Mmoja wetu hapa ofisini huurudia sana ule wa hospitali za macho za Aravind. Zilianzishwa mwaka 1976 mjini Madurai na Dakta Govindappa Venkataswamy, na vitanda 11. Vidole vya daktari huyo vilikuwa vimepindwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na bado alijifunza upya kushika kisu na kupasua macho. Alipanga kazi kama kiwanda: mgonjwa mmoja akimalizika, mwingine yuko tayari kwenye meza ya pili. Wanaoweza kulipa wanalipa, na pesa yao inawabeba wasioweza. Wanaolipa wanaongezewa starehe za wodi, lakini upasuaji ni ule ule. Mwaka 1992 wakaanza kutengeneza wenyewe lenzi ya kuweka ndani ya jicho, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya kuagiza kutoka nje.

Sasa, tusimpambe profesa. Alipingwa, na aliyempinga vikali zaidi alifundisha chuo kile kile. Aneel Karnani, pia wa Michigan, aliandika kwamba hiyo mali iliyo chini ya piramidi ni mazigazi, ukikaribia huioni. Prahalad alikuwa akitaja watu bilioni 4 wanaoishi kwa chini ya dola 2 kwa siku. Karnani alionyesha kuwa hesabu ya Benki ya Dunia ilikuwa bilioni 2.7. Kubwa zaidi, alisema vile vipakiti vidogo vya shampuu na sabuni ambavyo Prahalad alivisifu havimpunguzii mtu gharama. Vinamwezesha kununua leo kwa hela aliyo nayo leo, basi. Ukipima kwa gramu, mara nyingi hajaokoa chochote. Kama unataka kumsaidia maskini, alisema Karnani, nunua kutoka kwake. Mwongezee kipato badala ya kumtafutia njia mpya ya kutumia.

Ukituuliza sisi, Karnani ana haki kwenye vipakiti. Kadogo ni mkombozi wa leo jioni na mzigo wa mwisho wa mwezi. Lakini swali la Prahalad kuhusu adhabu linabaki, na huduma ya pesa kwa simu haijaliondoa. Imeliondoa mahali pengi, kweli. Zamani kutuma pesa nyumbani kulimaanisha kumpa kondakta wa basi bahasha na kuomba Mungu. Hata hivyo adhabu ni kama maji, ukiziba hapa inatokea pale. Tuangalie sehemu mbili zilizo kwenye simu yako.

Ya kwanza ni kutoa pesa. Ada za kutoa hupangwa kwa ngazi, hata zetu. Tuseme ngazi moja inaanzia Sh101 hadi Sh2,500 na ada yake ni Sh29. Mtu anayetoa Sh2,500 mara moja amelipa Sh29. Kibarua anayelipwa Sh500 kila jioni na kuzitoa kila jioni, kwa siku tano, amelipa Sh145 kwa pesa zile zile. Ni mara tano. Hakufanya ujinga, analipwa hivyo. Kuna anachoweza kufanya lakini. Unapoweza, lipa dukani moja kwa moja kwa simu badala ya kutoa kwanza. Mara nyingi mnunuzi hakatwi kitu akilipa hivyo, ila hakikisha kwenye ujumbe wako. Kile kitakachobaki kiache kwenye simu ukitoe kwa mara moja mwisho wa wiki. Na uwe na jedwali la ada kwenye simu, uone ngazi inapoishia. Kuna siku shilingi moja tu ya ziada inakuhamisha ngazi nzima.

Ya pili ni mkopo, na hapa ndipo Dharavi inapokuja kwetu bila kubisha hodi. Programu inakwambia: chukua Sh1,000, rudisha Sh1,120. Sh120 si pesa ya kutisha, bei ya chakula cha mchana. Lakini uliza ni kwa siku ngapi. Ikiwa ni siku 30, umelipa asilimia 12 kwa mwezi, na ukikopa hivyo miezi yote 12 ni asilimia 144 kwa mwaka. Ikiwa ni siku 7, mwaka una wiki 52, na 12 mara 52 ni 624. Umefika Dharavi. Sh120 ni zile zile, kilichobadilika ni siku.

Hatusemi usikope. Mtoto akifukuzwa shule kwa karo, au boda ikiharibika tairi na ndiyo inayokulisha, Sh120 inaweza kuwa bei nafuu kuliko kukosa kazi wiki nzima. Shida ni kukopa wiki hii kulipa deni la wiki iliyopita, maana hapo ile 624 inaacha kuwa hesabu ya karatasi na inaanza kuwa maisha yako. Linganisha kwanza na chama chako, au na sako kama uko kwenye moja. Na mwenye duka anayekukopesha unga bila riba ni benki ya kuheshimiwa, mlipe kwa wakati.

Prahalad hakuishi kuona mikopo hii ya simu ikienea. Aliwekwa nambari moja kwenye orodha ya Thinkers50 ya wanafikra wa biashara mwaka 2007 na tena 2009, na mwaka 2009 India ikamtunuku nishani ya Padma Bhushan. Alifariki San Diego tarehe 16 Aprili 2010, akiwa na miaka 68.

Kabla ya kubonyeza kukubali mkopo wowote, tafuta vitu vitatu kwenye ujumbe: utarudisha shilingi ngapi kwa jumla, tarehe gani, na ukichelewa utaongezewa nini. Tangu mwaka 2022 kampuni za mikopo ya kidijitali zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na haziruhusiwi kukutisha, kukutukana wala kuwapigia simu watu walio kwenye orodha yako ya namba ili kukuaibisha. Majina ya zilizo na leseni yako kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama iliyokutumia ujumbe haimo, futa ujumbe.