Jembe Huchakaa Likiwa Limepumzika

Jembe husemekana kuchakaa shambani, kwenye mawe na visiki, ilhali sehemu kubwa ya uharibifu wake hutokea likiwa limeegemezwa ukutani na tope bado mwilini. Udongo mbichi ulioganda kwenye bapa huhifadhi unyevu, na unyevu ukikutana na hewa juu ya chuma huzaa kutu; katika mwambao, ambako upepo hubeba chumvi, kutu hiyo huenda mbio zaidi. Kukwangua tope kwa kijiti, kulifuta bapa na kulipaka mafuta mepesi ni kazi ya dakika chache.

Kunoa kuna undani zaidi. Bapa hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, ambayo hupata ugumu wake kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Fundi anayetumia mashine ya umeme bila kulipoza bapa kwa maji huweza kuuondoa ugumu huo mara moja: makali yakigeuka samawati, ishara kwamba joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, sehemu hiyo imekwisha kulainika. Tupa ya mkono, pamoja na uvivu wake wote, haina hatari hiyo, ilimradi isukumwe mbele na kuinuliwa inaporudi, kwa kuwa meno yake yameelekea ncha na hukata upande huo tu. Jembe halihitaji makali ya kisu. Yakiwa membamba mno hujikunja kwenye jiwe la kwanza.

Kosa kubwa, hata hivyo, liko kwenye mpini. Kiangazi mti hukauka na kusinyaa, jembe likaanza kucheza, na tiba iliyozoeleka ni kulilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kama jipya. Kumbe nyuzi za mti zilipovimba hazikuwa na pa kwenda, zikabanwa na tundu la chuma hadi zikapondeka, na zikikauka husinyaa kuliko mwanzo, hivyo baada ya siku chache ndoo hutafutwa tena. Afadhali kabari, yaani kipande chembamba cha mti mgumu kinachopigiliwa kichwani mwa mpini mkavu, pamoja na mafuta ya kitani ya wauza rangi, ambayo hupenya mtini na kuganda humo. Mpini uliokwisha kuoza ndani ya tundu hauponi kwa maji wala kwa kabari, huchongwa mwingine.