Mwenye masta ndiye mwenye muda

Agosti 23, 2024, Gillian Welch na David Rawlings walitoa albamu ya nyimbo 10 waliyoiita Woodland, jina la studio yao iliyoko mashariki mwa jiji la Nashville, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Februari 2025 albamu hiyo ikawapa tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa kijadi. Wawili hawa wanaimba pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini hii ndiyo albamu ya kwanza ya tungo zao wenyewe kubeba majina ya wote wawili. Kabla yake tungo zao zilitoka kwa jina la Gillian, la David au la bendi ya David, ingawa mwenye sikio alijua kwamba kiini cha kazi zote ni watu walewale wawili na magitaa yao makavu.

Albamu ya tungo mpya iliyotangulia kwa jina la Gillian Welch, The Harrow & The Harvest, ilitoka mwaka 2011. Miaka 13! Katika biashara ya muziki, muda huo unatosha msanii kuibuka, kuvuma, kufilisika na kusahaulika. Hawa hawakusahaulika. Walikawia kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwaharakisha: lebo ni yao, studio ni yao, na masta, yaani rekodi mama ambazo nakala zote hutokana nazo, ni zao.

Wengi wakisikia "msanii wa kujitegemea" humfikiria mtu aliyekosa mkataba. Mimi naona kujitegemea ni kumiliki vitu vinavyohesabika, na faida yake kubwa kuliko zote ni muda. Tuvitazame vitu hivyo kimoja kimoja, tukianza na masta.

Haki mbili ndani ya wimbo mmoja

Welch na Rawlings walikutana Boston, katika chuo cha muziki cha Berklee, walipokwenda kwenye usaili wa bendi ya chuo iliyopiga muziki wa country. Mwaka 1992 wakahamia Nashville. Albamu zao mbili za kwanza, Revival ya 1996 na Hell Among the Yearlings ya 1998, zilitolewa na Almo Sounds, lebo ya Herb Alpert na Jerry Moss. Lebo hiyo ilipofikia mwisho wake, wawili hawa hawakuhangaika kutafuta tajiri mwingine. Mwaka 2001 walianzisha lebo yao, Acony Records, wakaipa jina la ua dogo la porini linalochanua mapema katika milima ya Appalachia. Kazi yao ya kwanza humo ilikuwa Time (The Revelator). Baadaye hata zile albamu mbili za mwanzo zilitolewa upya chini ya Acony.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, ni lazima kujua kwamba kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili tofauti. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na melodi, hata kama wimbo haujawahi kurekodiwa. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, sauti ile iliyonaswa siku ile katika chumba kile. Mtunzi anaweza kubaki na ya kwanza huku ya pili ikiwa mali ya kampuni iliyogharimia studio, na hivyo ndivyo mikataba mingi ya lebo kubwa ilivyoandikwa kwa miongo mingi.

Haki hizi hulipwa kwa njia tofauti. Nchini Marekani, kiwango cha kisheria cha mrabaha wa utunzi kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika 5 kilikuwa senti 12.4 mwaka 2024. Kwa hiyo santuri moja yenye nyimbo 10 za urefu huo iliwaletea watunzi na wachapishaji wao dola 1.24. Redio za kawaida za nchi hiyo humlipa mtunzi tu. Mwimbaji na mwenye rekodi hawapati kitu wimbo unapopigwa hewani. Redio za intaneti na za setilaiti ndizo zinazolipia rekodi: kati ya fedha zinazokusanywa, asilimia 50 huenda kwa mwenye masta, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wanamuziki wasindikizaji.

Sasa piga hesabu. Msanii aliyekabidhi masta kwa kampuni hupata sehemu yake ya zile 45 moja kwa moja, na zile 50 huenda kwa kampuni. Welch na Rawlings, wenye lebo yao, husimama pande zote mbili, na kwenye utunzi vilevile. Wimbo mmoja ukisikika, kila mlango wa malipo una jina lao. Nguo ya kuazima haisitiri matako, waliotutangulia walisema. Na masta iliyo mikononi mwa mwingine haimlindi msanii siku mauzo yanapopungua.

Ndani ya albamu hiyo ya 2001 mlikuwa na wimbo uitwao Everything Is Free, walioutunga wakati watu wakianza kugawiana muziki bure kwenye intaneti na wanamuziki wakiona riziki ikiyeyuka. Mwaka uleule waliotamka hofu hiyo ndio waliojenga lebo. Walilia na kujenga kwa pamoja, na huo ni ushujaa ninaouheshimu.

Sauti mbili, maikrofoni zinazosikilizana

Kitu cha pili ni chumba. Woodland ilikuwa jumba la sinema kabla ya kugeuzwa studio mwaka 1967. Mwaka 1971 humo ndimo bendi ya Nitty Gritty Dirt Band ilimorekodi Will the Circle Be Unbroken pamoja na wakongwe wa muziki wa country. Welch na Rawlings walilinunua jengo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa nini watu wawili wenye magitaa mawili wahitaji jengo zima? Jibu limo katika namna wanavyorekodi. Wanamuziki wengi leo hurekodi kila sehemu peke yake: ngoma leo, gitaa kesho, sauti keshokutwa, kisha fundi huziunganisha kwenye kompyuta. Mtindo wa hawa wawili ni kuketi karibu karibu na kupiga na kuimba kwa pamoja, kila sauti na kila gitaa likiwa na maikrofoni yake.

Hapo fizikia inaingia kazini. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Gitaa la Rawlings huifikia maikrofoni yake mara moja, na ile ya Welch, tuseme mita moja mbali, baada ya karibu sehemu tatu za elfu za sekunde. Fundi akizichanganya maikrofoni hizo, mawimbi yaleyale hukutana yakiwa yamepishana: mengine huongezeana nguvu, mengine hufutana, na gitaa hugeuka jembamba na lisilo na kina. Dawa yake ni kusogeza kiti, kugeuza maikrofoni kidogo, kusikiliza, kisha kusogeza tena mpaka kupishana huko kuwe uhai wa rekodi badala ya ugonjwa wake. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima kabla noti moja haijanaswa. Studio ya kukodi hutoza kwa saa, na mwenye kukodi huishia kuridhika na kinachotosha. Mwenye chumba husogeza kiti mpaka aridhike kweli.

Kurekodi hivyo kuna masharti. Mmoja akikosea neno, hakuna kulichomoa na kulibandika upya, kwa sababu sauti yake imo pia katika maikrofoni ya mwenzake. Ni lazima kurudia wimbo wote. Lakini ndipo unapopata kile ambacho masikio hukitambua bila kufundishwa: watu wawili wakivuta pumzi pamoja. Huu ni urithi wa waimbaji ndugu wa kusini mwa Marekani, kama Stanley Brothers na Louvin Brothers, walioziunganisha sauti zao hadi msikilizaji akashindwa kusema ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi.

Hata magitaa yamechaguliwa ili yasikanyagane. La Welch ni Gibson J-50 ya 1956, lenye besi nene na mwangwi mrefu. La Rawlings ni Epiphone Olympic ya 1935, gitaa dogo lenye uso uliobinuka, ambalo enzi zake lilikuwa la bei nafuu. Sauti yake hujaa katikati, haina besi nyingi, na hufifia upesi. Peke yake linaweza kuonekana kavu mno. Liweke juu ya lile la Welch, na kila noti itasimama wima, kwa sababu linasema mahali ambapo lenzake limenyamaza.

Usiku wa kimbunga

Umiliki una gharama, na gharama ya Woodland ilidaiwa usiku wa kuamkia Machi 3, 2020. Kimbunga kilipita Nashville na kung'oa paa la studio. Mvua ikawa inanyesha ndani. Wawili hao wakahangaika gizani kuhamisha magitaa, mitambo na mikanda ya masta kutoka sehemu zilizokuwa zikivuja.

Mkanda wa sumaku ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa chembechembe za madini ya chuma, na chembe hizo ndizo zinazoshika sauti. Kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, mzingo wa futi 2,500 unatosha takriban dakika 16 na nusu tu. Kazi ya miaka 20 huwa rundo la maboksi mazito, na maji yakiingia kati ya tabaka za mkanda, utando ule unaweza kunata na kubanduka. Miongoni mwa walivyookoa ni nyimbo 48 ambazo Welch na Rawlings walizirekodi kwa haraka mwaka 2002 ili kumaliza mkataba wa utunzi. Mwaka huohuo wa kimbunga wakazitoa katika juzuu tatu ziitwazo Boots No. 2: The Lost Songs. Kukaribia kuzipoteza ndiko kulikowafanya wazifungue.

Siku chache baada ya kimbunga, janga la korona likafunga kumbi za muziki. Wakiwa hawana studio wala jukwaa, Welch na Rawlings waliketi nyumbani na mashine ya mkanda wakarekodi nyimbo 10 za jadi na za watunzi wengine. All the Good Times ikatoka Julai 2020, na Machi 2021 ikashinda Grammy katika kundi lilelile ambalo Woodland ingelishinda miaka minne baadaye. Ukarabati wa jengo ulichukua miaka, na albamu ya 2024 ilizaliwa ndani ya ukarabati huo. Kuipa jina la jengo ilikuwa haki yake.

Kukata santuri

Kitu cha tatu ni mashine ya kukatia santuri. Kwa miaka mingi Acony haikutoa santuri hata moja, kwa kuwa wenyewe hawakuridhika na ubora. Hatimaye walinunua mashine ya kuchongea, na mwaka 2017 wakaanza kwa The Harrow & The Harvest.

Ukataji wenyewe ni hivi. Sahani ya alumini iliyopakwa laka laini huzungushwa, na sindano ya yakuti iliyopashwa moto huchimba mfereji mmoja mwembamba kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Besi huifanya sindano iyumbe sana, hivyo hula nafasi. Ndiyo maana upande mmoja hauzidi sana dakika 20 bila kushusha sauti. Tena, kwa kuwa sahani huzunguka kwa mwendo uleule, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa kasi zaidi ya mara mbili ya ule wa ndani. Sauti nyembamba za juu hupoteza ukali kadiri sindano inavyokaribia katikati, na kwa sababu hiyo fundi mzoefu hupendelea wimbo mpole umalizie upande. Laka hiyo hupakwa fedha, kisha nikeli, na kutoka hapo hupatikana mihuri ya kukandamizia plastiki.

Februari 6, 2020, chini ya wiki nne kabla ya kimbunga, kiwanda cha Apollo Masters kilichoko Banning, California, kiliteketea kwa moto. Kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za laka. Kingine kiko Japani. Kwa hiyo tusidanganyane: hakuna msanii anayejitegemea kwa kila kitu. Hata mwenye lebo, studio na mashine ya kukatia hutegemea kiwanda cha mbali ambacho hajawahi kukiona. Kujitegemea kwa maana ninayoitetea ni kuwa na sauti ya mwisho kuhusu kazi yako mwenyewe: lini imeiva, nani aichapishe, na ibaki sokoni kwa muda gani.

Wawili wengi wanaoanza leo hawataweza kununua jumba la sinema, na si lazima. Vitu hivi havilingani kwa umuhimu. Chumba kinaweza kukodiwa, mashine inaweza kuazimwa, na fundi anaweza kulipwa kwa siku. Masta ikishauzwa, huenda usiipate tena maisha yako yote. Basi kabla ya kutia saini, soma kifungu kinachosema rekodi ni mali ya nani, na kwa miaka mingapi. Kisha mkubaliane kwa maandishi, ninyi wawili, nani ana kiasi gani cha utunzi na kiasi gani cha rekodi. Fanyeni hivyo mapema, wimbo ukiwa bado haujamletea yeyote hata senti moja, maana wakati huo ndipo watu husikilizana.