Kiwanda Kimefungwa, Nani Atalipa?

Vikundi vingi vya maendeleo siku hizi vimeingia katika biashara: kuchomelea vyuma, kuuza na kutengeneza betri, kukodisha ploti. Vingine vimejikaza hata vikachukua bima. Lakini ukiuliza ni bima ya nini, utajibiwa moto, wizi na ajali. Hayo ni mambo yenye siku na saa. Duka liliungua Jumanne usiku, basi, mnaandika dai.

Kuna madhara mengine yasiyo na siku wala saa, na hayo ndiyo yanayowasumbua wenye biashara na kampuni za bima pia. Tumeonelea tuyaeleze kwa mfano wa hapa kwetu.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi Owino Uhuru, Mombasa, karibu kabisa na nyumba za watu. Ndani ya betri mna madini ya risasi. Moshi na vumbi vilitua kwenye makao ya watu, maji machafu yakapita mitaani. Sasa, risasi haiui papo hapo kama sumu ya panya. Hukaa katika damu na mifupa. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo, naye akionekana mzito wa masomo, nani atafikiria kiwanda? Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi kiwandani humo, alisimama na wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini kesi ndiyo kwanza ilikuwa inakuja. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikalitengua agizo hilo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikalirudisha. Hesabu mwenyewe: miaka 17 tangu tanuri lilipowashwa. Na lawama haikuishia kwa mwenye kiwanda. Idara za serikali zilizotakiwa kusimamia zilibebeshwa sehemu ya lawama, na hata mwenye ardhi aliyoikodisha kwa kiwanda.

Hapo ndipo bima inapoingia. Bima ya kawaida ya madhara kwa watu wengine, ikiwa inagusa uchafuzi kabisa, hulipa ule wa ghafla na usiotarajiwa. Tangi likipasuka leo likamwaga mafuta kisimani kwa jirani, pengine mtalipwa. Lakini tangi lililovuja tone kwa tone miaka saba, hilo mara nyingi limekatazwa katika maandishi madogo ya nyuma.

Kampuni za bima zilijifunza ukali huo kwa machozi. Huko Lloyd's ya London kulikuwa na watu waliodhamini bima kwa mali yao yote, hadi nyumba. Walikuwa wamefunika, miongoni mwa mengine, viwanda vya Marekani vilivyotumia asbesto. Vumbi la asbesto humkalia mtu kifuani miaka 20, 40 au zaidi kabla saratani haijatokea. Mikataba iliyoandikwa miongo mingi nyuma ikaanza kudaiwa, tena kwa mabilioni. Hasara ya Lloyd's ya mwaka 1988 hadi 1992 ilifika kama pauni bilioni 8, na baadhi ya wadhamini wakafilisika. Mwaka 1996 ikabidi iundwe kampuni mpya, Equitas, ya kubeba madeni hayo ya zamani.

Si mambo ya Wazungu pekee. Majengo mengi ya zamani humu nchini, shule zikiwemo, bado yana mapaa ya asbesto. Kijana anayelipwa kibarua kuvunja paa hilo kwa nyundo leo anaweza kuugua akiwa mzee. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, lakini jirani anayepumua vumbi lile lile si mfanyakazi wako. Huyo anahitaji bima nyingine.

Kwa hivyo kikundi kikitafuta bima, kiulize mambo mawili zaidi ya bei. Je, uchafuzi wa polepole umo au umetolewa? Na je, dai likija miaka kumi baada ya sisi kuacha kulipa, mtatujua? Mikataba mingine hulipa tu dai lililoletwa wakati bima ingali hai.

Wenye ploti nao wajue mpangaji anafanya kazi gani ndani ya lango, na kama ana leseni ya NEMA, kabla ya kutia sahihi. Wakala wa bima naye akijibu kwa mdomo tu, mwambieni aandike.